Ethi

Probox nyeupe, mlango mmoja wa kijivu,
imeingia asubuhi hapa Isevya
ikinuka asali na moshi wa mizinga.
Mwenyewe, Mzee Kasanda, hakuzima hata redio.
"Mwenye gereji yuko wapi?"
Nikamwambia, unaongea naye.
Akatazama nyuma yangu
kana kwamba kuna mtu mwingine kasimama pale.

Taa ya injini inawaka tangu Sikonge.
Mafundi wawili wamechomeka mashine zao,
mashine zikakataa kuwaka.
Wa kwanza kasema kompyuta ya gari imekufa.
Wa pili kasema imekufa kweli, ila anamjua mtu Dar
mwenye iliyo hai.
Laki sita na nusu, nauli ya basi mbali.

Nikaingia chali chini ya usukani,
miguu nje, kandambili moja imebaki vumbini.
Soketi hiyo hapo, juu ya goti la dereva:
matundu kumi na sita, mistari miwili ya nane,
sawasawa na upande wako wa bao,
na kama bao lililokwisha kuchezwa
si kila shimo lina kete.
Nikachomeka skana yangu.
Giza.

Kwanza fyuzi. Siku zote kwanza fyuzi,
ndivyo alivyonifunza marehemu Fundi Ndasa wa karakana ya reli,
asiyeamini waya ambao hajaushika.
Fyuzi ya kiberiti cha sigara imeungua;
kiberiti na soketi hula chungu kimoja,
na mzee huchaji simu tatu kwa nyaya za kuungaunga.
Sikusema kitu. Nikaweka mpya.
Skana ikafumbua jicho, ikapepesa,
ikalala tena.

Hapa ndipo wengi hufunga boneti na kutaja bei.

Nikachukua mita.
Ncha nyekundu tundu la kumi na sita,
nyeusi kwenye nati ya kiti:
volti kumi na mbili, nukta nne. Moto upo.
Nyeusi nikaihamishia tundu la nne: sifuri.
La tano: sifuri, moja, sifuri,
kama mtu anayetaka kusema akameza mate.
Basi moto unafika. Hauna pa kurudia.

"Mzee, hili gari liliwahi kugongwa?"
"Halijagongwa."
Akanywa maji, akafuta ndevu.
"Labda yule ng'ombe wa Tutuo, mwaka juzi.
Lakini ng'ombe simhesabu."

Nikabandua plastiki karibu na ule mlango wa kijivu.
Sisimizi wakatoka kwa msururu, wananata,
kila mmoja na haraka yake;
kuna dumu lililovuja humu, hakuna aliyelisema.
Chini yao, nyaya za ethi zimekazwa kwa nati moja,
zimekazwa vizuri, zimekazwa kwa nguvu,
juu ya rangi.
Fundi rangi alipuliza kila kitu, chuma na matundu ya nati,
kazi safi, ya kung'aa, ya kupigia picha,
na rangi haipitishi kitu.

Kipande cha msasa. Dakika mbili, labda tatu,
mpaka chuma kikatoa weupe wake.
Spana namba kumi. Robo mzunguko zaidi.
Sisimizi mmoja kanipanda shingoni, nikamwacha.

Skana ikawaka, ikatulia,
ikaandika mstari mmoja:
hita ya sensa ya oksijeni.
Kitu cha kubebeka kwenye mfuko wa shati.

Mzee akapiga kofi moja kwenye paa, akaingia,
kisha nikasikia kimya chake.
"Mbona taa bado inawaka?"
"Sijalitibu. Nimelifungua mdomo tu."

Akashika usukani kwa mikono miwili,
akatazama dashibodi, akatazama kile kidude mkononi mwangu,
halafu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi,
akanitazama mimi.
"Linasemaje?"

Nikamwambia azime redio kwanza.