Mwaka Ubavuni

Shekuwe huuza vyuma kwa mizani
nyuma ya kinu cha nazi, Langoni:
bawaba, mabomba, masufuria yaliyotoboka,
kilo ni kilo, hana ubaguzi.
Nilipoivuta randa chini ya feni iliyokufa
aliinyakua aitundike kwenye ndoana,
akasita,
akaipangusa ubavu kwa kidole chenye mate.

"Ndoo utezame. Hini ni ya kae."

Tarakimu nne, za Kiarabu, ncha ya msumari:
elfu moja, mia tatu, hamsini na saba.
"Miaka mia sita na kitu! Kabla ya Mreno!
Hini haipimwi kwa kilo, hupimwa kwa heshima."
Na heshima, akaniambia, ni shilingi elfu nne.

Sikucheka. Baba alinikataza kucheka
mbele ya bei.
Niliipeleka mlangoni penye mwanga, nikaigeuza.

Mti kwanza: bambakofi,
wekundu ulioiva hadi ukakaribia weusi.
Huu haukuvuka bahari.
Chuma ndicho kilichovuka: kina muhuri,
taji, na herufi tatu; ya nne imeliwa na kutu.
Kimebaki vidole viwili.
Seremala hunoa, jiwe likala,
leo unywele, kesho unywele,
na chuma kilichoanza na shibiri
kikibaki vidole viwili
basi kimemaliza mtu mmoja, kikaanza mwingine.

Kinywani kuna kiraka cha shaba, parafujo mbili.
Moja mfereji wake umekwenda upande,
umekatwa kwa tupa na mtu mwenye haraka.
Ya pili ina msalaba kichwani,
na misalaba hiyo imekuja juzi tu,
pamoja na redio za betri.
Kabari si yake. Ni ubao wa sanduku la chai,
maandishi bado yapo, kichwa chini miguu juu.

Halafu bonde. Kila randa ina bonde
pale gumba lilipolala miaka.
Nililitafuta mahali pake
nikalikuta upande usio wake.
Gumba langu la kulia likakosa pa kukaa.
Alikuwa mtu wa shoto.

Ukutani kwa Shekuwe, kalenda ya msikiti.
"Huu ni mwaka wa ngapi?" nikamuuliza.
"Elfu moja, mia nne, arubaini na—"
Akanyamaza. Midomo ikaendelea kuhesabu peke yake.
"Themanini na tisa," akasema mwishowe.
"Lo! Hata shangazi yangu ni mkubwa kwake,
na yuwaenda sokoni mwenyewe!"
Akaangua kicheko hadi akashika feni.
Randa ikarudi ndoanani:
kilo moja na robo.

Nililipa bei ya chuma, nikaondoka mshindi,
na kufika kichochoro cha pili
ushindi ulikuwa umeniisha mkononi.

Maana elfu moja mia tatu hamsini na saba
si mwaka iliyozaliwa.
Hakuna anayechora tarehe kwenye randa mpya,
mpya hujiona.
Huenda ndiyo siku aliyoipata, chakavu,
kwa mjane aliyetaka kufagia chumba,
au kwa Shekuwe wa zamani hizo
aliyeanza na bei ya heshima.
Jina lake hakuliandika.
Aliona mwaka unatosha.

Usiku niliitoa kabari kwa nyundo ndogo.
Kooni mwake palikuwa na kipande cha maranda,
kimejikunja kama sikio la mtoto,
rangi ya embe. Nilikinusa.
Vumbi tu.
Sijui kilitoka kwenye mlango wa nani,
kitanda, au jeneza la msikiti.

Nimekinoa chuma, nikakipaka mafuta ya nazi,
nikajaribu ubao kwa mkono wa kulia.
Inakwaruza. Inaruka. Inaniuliza mimi ni nani.

Kesho nitajaribu kwa shoto.