Usiku wa Kumi na Nane, Makorora

Kipima unyevu ukutani kinasoma sabini na tisa
na bado sijamimina hata tone.
Hewa ya Makorora mwezi wa Aprili
haivutwi, hukamuliwa:
chumvi imeyeyuka koponi,
njiti ya kiberiti inasuguka tu, haiwaki,
dera la Mwanjaa lina siku ya tatu kambani.

Mara ya kwanza nilifuata karatasi ya fundi wa Arusha.
Weka bakuli la maji, ilisema. Nikaweka.
Nikajaza, nikajazia.
Vifaranga kumi na mmoja
niliwakuta wamezama ndani ya ganda,
midomo imefika pale pumzi ilipopaswa kuwa,
ikakuta maji.
Nani aliwahi kuzama chumbani, juu ya stuli,
ndani ya boksi la mbao lenye taa ya wati arobaini?

Safari hii bakuli nimeligeuza kifudifudi.
Kila jioni napima yai
kwa mizani ya Mwanjaa ya kupimia iliki:
lipungue, lipungue kidogo,
kama deni linalolipwa jerojero.
Nalimulika kwa tochi. Chumba cha hewa
kimefika upana wa sarafu ya mia.

Usiku huu mambo yanageuka.
Sasa ndipo maji yanapotakiwa.
Naweka kitambaa kilicholoa, nafunga,
naziba mlango wa boksi kwa solotepu
mkono wangu usije ukanisaliti.

Mwanjaa anauliza mbona sili.
Namwambia, nyamaza kwanza.
Kuna kitu kinagonga,
na si mvua.