Kura ya Nne

Tulikuwa saba chumbani, juu ya duka la baiskeli,
Brno, Februari, kipasha joto kikikohoa ukutani,
na swali lilikuwa fupi kama kucha:
tuendelee kuzibeba mashine za zamani, au tuzitue?

Programu yetu haina utukufu.
Inasoma kina cha mito, inaandika namba,
inalala dakika kumi, inaamka, inasoma tena.
Hakuna anayelipwa. Hakuna anayeweza kufukuzwa.
Ndiyo maana ugomvi wetu hauishi upesi:
angekuwepo bosi, tungemchukia yeye
tukawahi chakula cha mchana.

Radana alisema: kila badiliko nalitengeneza mara mbili,
mara moja kwa walio hai, mara moja kwa mizimu.
Nina watoto wawili na usiku mmoja.

Květoslav hakupaza sauti. Alifungua daftari, akataja vituo:
kimoja chini ya daraja la Znojmo,
kimoja kwenye kinu kilichoacha kusaga,
kimoja kwa mjane anayekipangusa theluji
kwa ufagio wa jikoni.
Kumi na kimoja, alisema. Nimevifikia vyote kwa basi.

"Kumi na kimoja kati ya elfu tatu," akasema Ctibor.
"Mto haujui asilimia."

Kanuni yetu inasema: tutaamua kwa maafikiano ya jumla.
Mwezi mzima tuligombania neno *jumla*.
Kwa wengine ni wote. Kwa wengine, wote wasiopiga kelele.
Hedvika, aliyeiandika kanuni, alikiri
kwamba alilichomeka tu, sentensi isionekane fupi.

Basi, kura. Wengi wape, walisema wahenga,
ila hawakusema wengi ni wangapi.
Tatu huku.
Tatu kule.
Wakanigeukia mimi, mwandishi wa kumbukumbu,
niliyezoea kuhesabu mikono ya wenzangu
hata nikasahau kwamba nami ninao wangu.

Nikauinua.
Sikuwa na hoja. Nilikuwa nimemwona Radana
akisinzia kitini, kalamu ingali wima mkononi.

Kwetu mshindi havikwi taji, hutwikwa kazi:
aliyekata shauri ndiye akataye mistari.
Nilifuta siku tatu. Mistari elfu moja na mia mbili,
mingi yake mkono wa Květoslav,
na katikati, maelezo ya mwaka ule wa mafuriko:
*Hapa nimekosea mara nne. Utakayefuata, pita polepole.*
Nilipita polepole.
Kisha nikafuta.

Kazi ya mmoja lazima ikaguliwe na mwingine.
Nilimngoja Radana. Nilimngoja Ctibor.
Saa saba usiku likaja jibu, la Květoslav:
"Umesahau mstari wa themanini na nane.
Ukibaki, mashine mpya zitakwama mwaka ukigeuka.
Kama ni kufuta, futa vizuri."
Na chini yake, bila neno la ziada, idhini.

Kesho yake akachukua nakala ya vyote vya jana,
kama yeyote anavyoruhusiwa, akaipa jina jingine.
Talaka zetu ndivyo zilivyo: kila mmoja huondoka na nyumba nzima,
madirisha, madeni, na panya wa darini.
Ila yeye hakuaga, maana hakuondoka.
Alhamisi alikuwa kiti chake kile kile, akipinga jambo jingine.

Jumamosi mvua ilinyesha juu ya theluji.
Nilikuwa nimeshona kiraka kidogo cha mashine mpya.
Kabla sijakituma nikakitazama,
nikakata kingine,
kwa kipimo cha zile kumi na moja,
nikampelekea.

Hakuandika asante. Aliandika:
"Mstari wa tano. Nafasi mbili, si moja."