Kosa la Unywele Mmoja

Ilikuja chini ya kasha la valvu kuukuu,
imeviringishwa taulo lililonuka dawa ya mbu.
Mhandisi wa shamba la Kiomoni alikuwa anafunga virago,
serikali imeshachukua mkonge, naye kachukua mbwa wake tu.
Vilivyobaki vikanadiwa uani, beseni, kandili, kiti cha uvivu,
na fundi Sekiondo akatoa shilingi kumi na mbili
kwa kasha ambalo hakulifungua mpaka Barabara ya Nane.

Santuri ndogo, ya wimbo mmoja kila upande.
Wimbo uliovuma Uingereza nzima,
hilo tuliambiwa na karani wa posta,
aliyejua kila kilichovuma kwingine.
Vijana wanne, magitaa matatu, seti ya ngoma.
Lebo imekwanguka, jina la bendi limebaki herufi mbili,
na katikati tundu pana kama jicho la bundi:
kipande cha kushikia kilikwisha ng'oka, kikapotea.

Sekiondo hakuwa mtu wa kushindwa na tundu.
Alichukua kifuu, akakikata kwa msumeno wa chuma,
akakipiga msasa jioni tatu,
akakitoboa.
Akakosea unywele mmoja.

Unywele mmoja, lakini sindano haisamehi.
Wimbo ukatoka unayumba,
kila mzunguko sauti inapanda kidogo, inashuka kidogo,
kama mtu aliyejitwika ndoo na anajua anatazamwa.
Sisi tukadhani ndivyo wanavyoimba kwao.

Kikija kiitikio, barabara nzima ilisikia:
Wali una mawe! Wali una mawe!
Na ng'ambo pale pale Bi Mwanakheri anauza wali.
Siku ya kwanza alinyamaza.
Ya pili akazidisha nazi.
Ya tatu akavuka, upawa mkononi:
"Fundi, hao Wazungu wako
wamekula kwangu lini?"

Waja leo, warudi leo, ndivyo wasemavyo juu ya Tanga.
Ule wimbo ulikuja, haukurudi.
Kihiyo wa karakana ya reli aliunyakua akiwa amesimama dirishani,
grisi hata kwenye kope,
na ule myumbo akaupata kwa kuvuta nyuzi na kuziachia
mpaka vidole vikachubuka.
Harusini Chumbageni watu wakajifunza kuinamisha bega
pale pale, penye kifuu.
Mji ukacheza kosa la msasa
na hakuna aliyekanyagana.

Upande wa pili wa santuri? Sijui.
Sikumbuki kama uliwahi kupigwa.

Juzi mjukuu wangu Nasoro kautafuta kwenye simu.
Nilimwimbia herufi mbili na nusu kiitikio, akaupata,
siku hizi hakuna kinachojificha.
Ukaanza. Umenyooka kama reli ya Korogwe.
Nikangoja upande. Haukupanda.
Bega langu liliinama peke yake, likaona haya.
Nikamwambia, "Hawa wameukosea."
"Babu, hawa ndio wenyewe."
"Basi wenyewe wameukosea."

Akanitafsiria. Hakuna wali. Hakuna mawe.
Vijana wanasema wako njiani, wanatembea, wanakwenda zao.
Miaka yote ile walikuwa wanaaga,
na sisi tunawajibu kwa habari za chakula.

Bi Mwanakheri alikwisha kututangulia.
Mpaka mwisho alipepeta mchele mara mbili,
akachambua, akaita mtoto mwenye macho achambue tena.
Santuri yenyewe ilipinda kwa joto, mwaka sikumbuki,
mtu akaitumia kufunikia mtungi.

Kifuu ninacho. Kimo katika kopo la Kimbo, kati ya skrubu za fundi.
Nimekitoa, nimekipitisha kidole pembeni mwake,
nikitafuta ule unywele.
Hauonekani
kikiwa kimetulia.