Chupa Arobaini

Ombeni Nkya hasemi karibu siku hizi.
Anainua kidole kimoja, maana yake subiri,
anashusha shata la duka mpaka usawa wa magoti
nasi tunainama kuingia, watu wazima watano
na mwanafunzi mmoja wa chuo,
kama waendao kilingeni.

Nje, Mtaa wa Likoma umejaa maji ya masika.
Mkokoteni wa mitumba umenasa, mtu anamtukana mtu.
Ndani ni mnanaa, ni tikiti, ni pasheni,
matunda yasiyo na kokwa wala nzi.

"Kanuni zinakuja," anasema Nkya,
"mwezi ujao, au ule mwingine."
Hana karatasi. Ana shemeji bandarini.
"Zikija, mzigo haushuki. Mzigo usiposhuka
bei ya leo mtailia."
Juzi chupa ilikuwa elfu kumi na tano.
Leo ishirini na mbili.
Nikamwuliza, kumbe kanuni zimetangulia kufika kwenye bei?
Hakucheka. Alikuwa anahesabu.

Nilichukua arobaini.
Na koili pakiti sita, na pamba,
na betri ya akiba, na akiba ya hiyo akiba.
Mimi, mhasibu wa kampuni ya mizigo,
ninayewakatalia wenzangu risiti ya soda,
nilitoa ada ya muhula wa pili, noti kwa noti,
mbele ya kijana mwenye hereni.
Nkya akanifungia kwenye rambo jeusi.
Rambo! Tangu lipigwe marufuku sijaligusa.
"Nilijiwekea," akasema, akalipapasa.
"Akiba haiozi."

Magomeni, chumbani kwa mama,
lipo sanduku jekundu la bati.
Mwaka ule wa kuwasaka wahujumu
Bi Siwatu alificha humo sabuni, miche thelathini,
hakuwa mlanguzi, alikuwa na watoto saba tu.
Waliposema wanapita nyumba hadi nyumba
hakuzitupa mtoni kama wengine walivyotupa.
Alifua.
Alifua mapazia, alifua magunia,
alifua nguo za marehemu babu,
alifua kamba ya kuanikia nguo.
Wiki nzima uani povu hadi kwenye vifundo,
na balozi wa nyumba kumi akachungulia ukutani:
"Bi Siwatu, mnaoza nani?"

Humo ndimo nilimozipanga chupa zangu,
chini ya kanga zake za doti zisizovaliwa.
Harufu ya karafuu, harufu ya kutu.
Kisha nikakaa sakafuni na kikokotoo,
maana ndivyo nilivyo.
Chupa moja siku tisa.
Arobaini mara tisa, mia tatu na sitini:
mwaka wa kibenki, kasoro mwisho wake.
Nilianza mvuke ili niache sigara.
Nilimwahidi Zuwena miezi mitatu.
Huu ni mwaka wa nne, na sasa nimejinunulia wa tano
kwa fedha taslimu, bila risiti.

Ndipo nilipogeuza chupa, nikasoma chini yake
maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Mwisho wa kutumika: mwezi wa kumi na moja.
Nikageuza nyingine. Na nyingine.
Basi akiba hii inaoza, na siku yake imepigwa chapa.
Nisipate hasara, hesabu inanitaka
nivute mara mbili ya ninavyovuta.
Nivute kama mama alivyofua.

Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.
Nikafungua moja, nikavuta, nikapuliza kuelekea dirishani.
Mvua ilikuwa inarudisha kila kitu ndani.

Mlango ukasukumwa kwa ncha ya mkongojo.
Macho yake yamekwisha, pua bado.
Alisimama, akageuza uso huku na huku,
kuelekea sandukuni, kuelekea kwangu.
"Mwezi wa tano huu," alisema mama.
"Nani mwenye embe humu
asinikatie kipande?"