Kupanda Mlimani na Shangazi Mwasiti

Tulishuka kwenye bajaji chini kabisa, mlima unapoanzia,
kwa kuwa shangazi alikataa kufikishwa juu.
"Nimekuja kutembea," alisema, "sikuja kubebwa,"
akajifunga khanga kibwebwe
kama mtu aingiaye jikoni penye shughuli.

Miaka thelathini na miwili alisoma mita za maji:
Ilala, Gerezani, Kariakoo yote hadi Mnazi Mmoja.
Mji huu aliujua kwa mgongoni,
kwa vifuniko vya chuma na mbwa wa uani,
kwa milango iliyonong'ona watoto wakifundishwa kujibu
"Baba hayupo."
Naye akaandika daftarini: mwenyeji hayupo,
huku akiona miguu ya mwenyeji chini ya pazia.
Ila huku Mlimani, maji yanakoanzia safari,
hakuwahi kufika.

Tulipanda polepole. Hakuna aliyekuwa akitungoja.
Barabara inapanda kwa adabu, inapinda, inapumua,
nasi kila ilipopinda tukapumua nayo.
Wanafunzi walitupita, madaftari kwapani.
Ngedere mmoja ukutani alimenya ndizi
kwa utulivu wa karani aliyebakiza wiki moja kustaafu.
Shangazi akamwamkia. Hakuitikia.
"Huyu," akasema, "ni mtu wa forodha kabisa."

Juu, miti ikaachana,
na mji ukawa chini yetu
kama vyombo vilivyoanikwa kichanjani:
sufuria, bilauri, sahani zinazometa,
na nyuma yake bahari, beseni limejaa pomoni.

Akatafuta. Nikamsaidia kutafuta.
"Uko wapi mnara wa Walutheri, ule wa Mjerumani?
Koki yao ilivuja tangu enzi zake,
nami niliandika, nikaandika."
Haukuonekana. Maghorofa yalisimama mbele yake
kama watu warefu kwenye foleni.
"Na Boma la kale? Na Mzizima yenyewe,
ambayo bibi yangu aliitaja
kama mtu anavyomtaja jirani aliyehama bila kuaga?"
Sikuwa na jibu. Nilionyesha bandari kwa kidole,
nikakosea, nilionyesha Kigamboni.

Akafumba jicho moja, akanyoosha gumba, akapima.
"Kutoka Gerezani hadi Ilala," akasema, "ni nusu ya ukucha."
Akakaa kimya.
"Nusu ya ukucha, na jozi kumi na tisa za viatu."

Penye matangi kulikuwa na uzio, na mlinzi aitwaye Ng'wandu,
na bomba nene lililozama ardhini mfano wa chatu.
Shangazi akaomba kuligusa tu.
Ng'wandu akatazama huku na huku, akafungua geti.
Akaweka kiganja. Kisha akaweka sikio,
mama mtu mzima, kibwebwe kiunoni,
akilisikiliza bomba kama mkunga.
"Yanateremka," akasema. "Haya ni ya Ilala. Nayajua mwendo."

Nyumbani kwetu Ilala
bomba lina siku tano halijatoa hata kikohozi.
Nilifungua mdomo.
"Usiseme," akasema. "Najua."

Akaomba maji ya kunywa.
Ng'wandu akainama chini ya kiti chake, akatoa dumu la njano,
akamimina kwenye kikombe cha bati.
"Nayanunua bondeni," akasema kwa aibu. "Dumu mia tano."
Shangazi akacheka mpaka akakaa chini,
akacheka mpaka Ng'wandu naye akacheka,
na kikombe kikamwagika nusu.

Nusu iliyobaki aliinywa kwa funda tatu, taratibu.
Kisha akatoa kalamu pochini, na nyuma ya risiti ya bajaji
akaandika kwa ule mwandiko wake wa kazini:
Mita: haionekani.
Koki: nzima.
Mwenyeji: yupo.

Tukashuka njia ileile, polepole kuliko tulivyopanda,
yeye mbele, mimi nyuma,
na maji, kama kweli aliyasikia,
yakiwa yametutangulia.