Mililita Mia

Mtu akiniuliza mililita mia ni kiasi gani
humwambia: vijiko ishirini vya chai.
Chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanangu Kundaeli,
ile ninayoikaza kifuniko kila jioni
gari la kazini likipiga honi nje, Majengo, Moshi.
Ikizidi hapo, haipandi ndege.

Pembeni ya mashine yangu pana pipa la bluu.
Nimelilisha mengi:
manukato ya bei ya ng'ombe,
asali ya nyuki wadogo,
shampuu za wapanda mlima,
mtungi wa gesi uliofika kileleni na kurudi salama
ukaja kufia mikononi mwangu.
Na mbege, mara moja, ndani ya chupa ya maji.
Ilifumuka yenyewe pale mezani
tukacheka hadi msimamizi akatoka ofisini.

Sheria sikuitunga mimi.
Ilikuja imechapwa, nikaibandika ukutani,
sasa mume wangu anasema naisoma usingizini:
kimiminika, jeli, krimu, kila kimoja kisizidi mia,
vyote katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani.

Alhamisi akaja Bibi Ndeonasia Nkya, wa Nshara.
Kitenge kipya, bado kina wanga wa dukani.
Pasipoti imefungwa kwenye leso kama sadaka.
Mjukuu wake amejifungua Hamburg,
"na huko, naambiwa, mzazi analishwa mkate."
Alilitamka mkate
kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mashine ikaona kopo. Nikafungua.
Samli.
"Bibi, hiki ni kimiminika."
"Kimiminika gani? Asubuhi ilikuwa jiwe.
Nimeikata kwa kisu, mwanangu, kwa kisu!"

Nami najua hadanganyi.
Machame asubuhi samli ni jiwe.
Ila barabara inashuka, migomba inaisha,
Boma Ng'ombe jua linakupokea kwa kofi,
na huku tambarare, uwanjani,
kila kilichokuja kigumu hulegea.
Akalitikisa kopo sikioni.
Likamjibu kwa sauti ya maji,
shahidi wake mwenyewe, amemgeuka mbele ya hakimu.

Ningemwambia: ungeiweka kwenye begi kubwa
hakuna ambaye angekuuliza.
Sikumwambia. Begi kubwa lilishakwenda
na sweta zake tano.

Foleni ikaanza kukohoa.
Mzungu mmoja, mkanda mkononi, akashikilia suruali.

"Na mtu mnampima?"
"Tunampekua, Bibi. Hatumpimi ujazo."

Akavua saa, akanikabidhi nimshikie.
Akachovya vidole vinne.
Akajipaka mikono hadi viwiko,
shingo, nyuma ya masikio, mashavu,
akainama, akapaka miundi, kisha magoti,
bila haraka,
jinsi tunavyowapaka watoto wachanga
kabla ya kuwatoa nje kwenye baridi.
Msimamizi alitazama dari.
Hakuna kifungu. Nilikitafuta kichwani,
mstari kwa mstari, sikukiona.

Kilichobaki nilikitupa.
Sitajipamba hapa: nilikitupa, kamera iko juu yangu,
na kopo lilipogonga chini ya pipa
yeye ndiye aliyeniambia pole.

Kisha nikampekua, kama inavyotakiwa.
Mabega. Kwapa. Mgongo.
Glavu zikawa zinateleza.
"Safiri salama," nikasema,
akaenda zake anameremeta chini ya taa zile nyeupe,
akaacha alama za vidole kwenye kila trei.

Alfajiri nyumbani Kundaeli alinusa mkono wangu
akauliza nimepika nini.
Nikampimia dawa yake, kijiko kimoja,
na katika kumimina nikajikuta napiga hesabu:
viwiko viwili, shingo, magoti,
uso mzima.

Nadhani ilizidi mia.